Wapiga picha wetu, fungeni milango ya albamu zenu!



Nimekuwa kimya wiki mbili tatu, msidhani nimewatupa. Tumerudi kutoka TP tukakuta asaimenti zimepangwa kama matofali, bumu linasuasua, na leo umeme wa hosteli umerudi saa tatu usiku. Ngoja niandike kabla haujakatika tena, maana hili jambo nimetoka nalo Bariadi na mpaka sasa sijapata pa kulitua.

Leo nawasema wapiga picha. Najua kuna wasomaji wangu humu ambao kamera ndiyo inawalipia kodi ya geto, na wala siwachukii. Besdei yangu ya mwaka jana alinipiga mmoja wenu na picha zilitoka bomba ile mbaya. Lakini hoja yangu ni hii, na nitaisema bila kuzunguka: studio inayochukua hela ya mtu ili impige picha za faragha, halafu haina mahali pa kuzifungia picha hizo, haijamaliza kazi iliyolipwa. Na studio inayozitoa kwa watu bila kumuuliza mwenye sura imemwibia mteja wake, hata kama amependeza vipi kwenye hiyo picha.

Kwanza tuelewane ninaongelea picha zipi, maana nawajua, wengine mshaanza kucheka. Siongelei picha za ngono. Naongelea picha za ujauzito, mama kafunua tumbo na kajitanda kitambaa chepesi, mumewe kapiga magoti kama anasikiliza kilichomo. Naongelea picha za fungate. Naongelea dada wa miaka 25 aliyekodi chumba cha gesti, akavaa gauni la kulalia la hariri na kupigwa picha za besdei yake kwa sababu anajiona mzuri, na ni mzuri kweli. Hawa ni watu wazima, wamependa wenyewe, wamelipa, na picha wanazitaka wao na watu wao. Zamani sisi wa Simiyu tulikuwa tunaziona kwenye Instagram za watu wa Dar. Siku hizi zipo kwetu. Pamba ikishauzwa harusi zinaanza, na studio za Bariadi, Maswa mpaka Lamadi pale barabarani zinapata kazi mfululizo.

Sasa swali. Mteja akishaondoka, picha zake zinalala wapi?

Twende taratibu. Zipo kwenye memori kadi ya kamera. Zipo kwenye laptopu ya studio. Zipo kwenye simu ya mpiga picha, maana ndimo alimozituma kwa WhatsApp. Simu hiyo ikiwa imewashwa kuhifadhi picha kwenye Google Photos, zipo na huko. Zikitumwa mjini Mwanza kuchapwa albamu, zimeingia kwenye kompyuta ya mtu wa tatu ambaye mteja hajawahi hata kumwona. Kwenye simu ya mteja mwenyewe, WhatsApp isipobadilishwa mpangilio inazimwaga moja kwa moja kwenye picha zake za kawaida, pamoja na picha za shambani na za ubatizo, na mtoto wa dada yake akiomba simu acheze gemu anakutana nazo. Hesabu mwenyewe. Picha moja ya tumbo imeshakaa sehemu tano sita, na hakuna hata moja yenye kufuli.

Na hapa chuoni ndiyo usiseme. Laptopu ya mpiga picha wa hosteli ndiyo hiyohiyo inayorushia watu muvi. Mtu anakuja na flashi yake, anaambiwa chukua mwenyewe, anafungua mafolda kutafuta tamthilia ya Kikorea, anakutana na folda limeandikwa "Wateja". Unategemea afanye nini, afumbe macho?

Wapo wanaojitetea kwamba wakimaliza kazi wanafuta. Kufuta kupi? Ukifuta picha kwenye memori kadi, kwa kawaida kinachoondoka ni ile anwani tu inayoonyesha picha ilipo. Picha yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuirudisha zipo za bure. Halafu kadi hiyohiyo inaazimwa, inauzwa, inawekwa kwenye simu ya mdogo wake. Wengine wamepiga hatua wanatuma linki ya albamu ya mtandaoni. Safi, lakini linki iliyoachwa wazi kwa kila aliye nayo ni sawa na funguo uliyoiweka juu ya fremu ya mlango. Shangazi akiirusha kwenye grupu la ukoo, ukoo mzima umeingia ndani.

Nitawapa mkasa mmoja, na studio siitaji. Kuna dada mmoja, mwalimu wa msingi, tulikuwa tunaongozana asubuhi nikienda shule yangu ya TP. Alipiga picha za ujauzito yeye na mumewe, kwa heshima zote, wakalipa bila kukopa. Baada ya wiki kadhaa wanafunzi wake wa darasa la sita wakaanza kunong'ona kila akigeuka kuandika ubaoni. Kumbe picha yake, tumbo wazi, ilikuwa imechapwa kubwa na kubandikwa kwenye kioo cha mbele cha studio, njia ya kwendea sokoni. Na kabla ya hapo ilishakaa kwenye stetasi ya WhatsApp ya studio pamoja na bei za ofa. Mwalimu mkuu akamwita ofisini ajieleze. Mama mkwe akapiga simu. Alipokwenda studio kulalamika akajibiwa, "Dada, hilo ni tangazo tu, na wewe umetoka vizuri, unataka nini?"

Waliitoa kwenye kioo, ni kweli, baada ya mumewe kwenda mara mbili. Lakini angalieni nani aliitwa ajieleze. Dada wa watu aliulizwa na mwalimu mkuu, akaulizwa na mama mkwe, akaulizwa na majirani. Yule aliyepokea hela na kuibandika picha hakuulizwa na mtu, na wiki iliyofuata alikuwa anapiga sendofu kama kawaida. Hicho ndicho kilichonikera mpaka leo naandika. Katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake, mwalimu akishapoteza heshima mbele ya darasa hairudi kwa kutoa karatasi kwenye kioo.

Nimejaribu kuongea na wapiga picha watatu wanne juu ya hili, na majibu yao nayajua kwa moyo. Ngoja niyapitie moja moja.

La kwanza: "Picha ni mali ya aliyepiga, sheria inasema hivyo." Hapa wanamaanisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sawa, tufanye hakimiliki ni yako. Hakimiliki inamzuia mwenzako asiuze kazi yako kama ya kwake. Haikupi umiliki wa tumbo la mke wa mtu. Fundi cherehani kashona gauni kwa ufundi wake wote, je anaruhusiwa kulivaa kwenda nalo disko kabla hujalichukua? Na kuna sheria nyingine ambayo hawaitaji kabisa. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya 1977 inalinda faragha ya mtu. Juu yake ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Anayezikusanya na kuzitunza anatakiwa kujisajili kwenye Tume, azitumie kwa lengo alilozikusanyia, na azilinde. Mwenye taarifa ana haki ya kukataa zisitumike kwa matangazo ya biashara, kutaka zifutwe na kudai fidia. Anayezitoa kinyume cha sheria, kwa mtu binafsi, faini inaweza kufika shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10. Tume yenyewe ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Hii sheria ipo tayari, wadau, haijakaa bungeni inasubiri kusomwa.

La pili: "Kama hakutaka kuonekana, kwa nini alipiga?" Hili linanipandisha presha. Alipiga aonekane na mumewe! Ukienda hospitali unamvulia daktari shati, je umewaruhusu na walinzi wa getini wachungulie? Kuruhusu mtu mmoja kuona ni kuruhusu mtu mmoja. Na hili swali lina tabia ya kumgeukia aliyeumizwa mpaka kwenye sheria. Majirani zetu Uganda walikuwa na Sheria ya kupinga ponografia ya mwaka 2014. Mwaka 2018 mwanamitindo mmoja maarufu alikamatwa kwa sheria hiyo baada ya picha zake za faragha kusambaa, na mwenyewe alisema zilivujishwa. Mpaka Agosti 2021 ndipo Mahakama ya Katiba ilipofuta vifungu muhimu vya sheria ile. Kenya walitazama upande wa pili, wakamtazama msambazaji: sheria yao ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 ina kifungu kinachotaja wazi usambazaji wa picha za faragha za mtu mwingine, faini hadi shilingi 200,000 za kwao au kifungo hadi miaka 2. Huko ndiko macho yanakotakiwa kwenda.

La tatu ni la wazee na baadhi ya walokole wenzangu hapa block yetu: "Picha za namna hiyo zisipigwe kabisa, ni kuiga wazungu." Nawaheshimu, na asiyetaka asipige. Lakini hata hao wanapiga picha za kichen pati, mle ndani ambamo wanaume hawaingii, akina mama wamefungua madela wanacheza. Hizo nazo zikitoka nje mtasema msipige kichen pati? Na kuhusu wazungu, niwakumbushe jambo. Miaka ya 1900 hivi, studio za picha pale Zanzibar zilikuwa zinatengeneza kadi za posta zenye picha za wanawake wa pwani, wengine wamekalishwa kwa mapozi ya kumfurahisha mnunuzi, na kadi zikauzwa kwa wasafiri na kusafiri mpaka Ulaya. Jina la mwanamke mara nyingi halipo, kuna maneno tu kama "mrembo wa Kiswahili". Mpaka leo wakusanyaji wananunua na kuuziana kadi zile, na waliokaa mbele ya kamera hawajulikani. Kwa hiyo kama kuna tabia ya kuiga tunayotakiwa kuiacha, ni hii ya studio kuchukua sura ya mwanamke ikaifanya bidhaa.

La nne ndilo naliona la maana kidogo: "Mteja wetu hana bando, hajui mambo ya nywila, WhatsApp ndiyo rahisi. Na sisi hatuna hela ya kulipia hizo galari za mtandaoni." Haya tupige hesabu, mimi ni mwalimu mtarajiwa bwana. Chukua picha 30 zilizosafishwa, kila moja MB 5, jumla MB 150. Akaunti ya kawaida ya Google inatoa nafasi ya GB 15 bure. Ukifungua akaunti ya kazi tu, usiichanganye na barua pepe zako, nafasi hiyo inabeba wateja kama 100 kwa wakati mmoja. Mteja mwenye simu ya Android karibu kila mara anayo akaunti ya Gmail, hata kama alifunguliwa na fundi simu na hajawahi kuitumia. Unatengeneza folda lake, unaliacha kwenye "waliowekewa tu", unaingiza Gmail yake na ya mumewe, basi. Mtu mwingine akipewa linki hiyo anakuta mlango umefungwa. Baada ya siku 30 unamwondoa, unafuta, unamwaga na kapu la taka, maana ukiliacha lenyewe linakaa na picha siku 30 nyingine. Asiyetaka intaneti mpe kwenye flashi mkononi, asaini, na wewe ufute mbele yake. Gharama yake ni flashi moja, iingize kwenye bei.

Ila na hiyo nywila isiwe jina la studio na 123. Mwaka 2014 picha za faragha za waigizaji wakubwa wa Marekani zilizagaa dunia nzima, na watu wakasema mtandao wa Apple umevunjwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wezi walikuwa wanatuma barua pepe za uongo wakijifanya ni kampuni, wenye akaunti wakaandika nywila zao wenyewe. Mmoja wa wezi hao alifungwa miezi 18 mwaka 2016. Kwa hiyo washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba inayotumwa kwenye simu. Ni kazi ya dakika tano. Na siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazochukua picha ya mtu aliyevaa na kumtengenezea ya uchi. Picha kubwa, safi, ya mteja wako iliyoachwa wazi ndiyo malighafi wanayoitafuta.

Na msidhani adhabu ni hadithi. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliipiga faini klabu moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, shilingi 1,850,000 za kwao kwa kuweka picha ya mteja kwenye mtandao bila ridhaa. Mteja alikuwa amekaa anakula starehe zake, hata tumbo halikuwa wazi! Siku hizohizo shule moja, Roma School, ilipigwa 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hii ya pili walimu wenzangu mnaorusha stetasi za wanafunzi wa TP isomeni mara mbili.

Basi ninachodai ni hivi, na sioni kama nimeomba mbingu:

1. Fomu ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili cha kueleweka, yenye sehemu mbili tofauti za kusaini. Moja "nakubali kupigwa", nyingine "nakubali picha hii itumike kwa matangazo". Ya pili ikiachwa wazi maana yake ni hapana.

2. Picha za faragha zikabidhiwe kwenye folda lililofungwa kwa jina la mteja, au mkononi. Zisiende kwa linki ya wazi.

3. Mteja aambiwe siku ya kulipa: picha zitakaa siku ngapi, nani mwingine atazigusa, na zitafutwa lini.

4. Laptopu ya kazi isirushe muvi. Kama huna mbili, tengeneza akaunti ya pili yenye nywila.

5. Ukitaka sura ya mteja ikuletee biashara, muulize kwanza, na akikubali mpunguzie bei. Mbona wanamuziki mnawalipa wakija kuimba ufunguzi wa duka?

Na sisi wateja tusijifanye watakatifu. Tunauliza bei, tunauliza kama kuna taa za kisasa, tunauliza watatoa ngapi za ofa. Hatuulizi zitakaa wapi. Dada zangu mnaojiandaa na besdei, na mashemeji mnaojiandaa na harusi msimu ujao kule nyumbani, anzeni kuuliza hilo kabla hamjatoa advansi. Studio ikicheka, vukeni barabara, kuna nyingine. Studio kumi zikipoteza wateja watano watano kwa sababu hiyo, mtaona fomu zinachapwa bila hata Tume kufika Bariadi. Na ukiletewa picha ya mtu ya namna hiyo kwenye grupu, usiipeleke mbele. Mwambie aliyeituma aifute, hata kama ni mshkaji wako wa miaka yote.

Wapiga picha mnaosoma hapa, najua mtanivaa. Karibuni sana, njooni na hoja, ila ile ya "mbona alipendeza" nimeshaijibu. Na kama kuna mmoja kati yenu tayari anafunga picha za wateja wake, aniambie, mwezi wa sita kuna dada yangu anaolewa Bariadi na tunatafuta mtu.

Ngoja nikalale, kesho saa moja asubuhi kuna testi ya saikolojia ya elimu na yule mhadhiri hafungui mlango ukichelewa.

Nawasilisha.